Kamusi ipi ikusaidie kusema “sipendi” kwa Kiingereza? Tathmini ya Oxford, Longman, COBUILD, Cambridge na Roget

Anayejifunza Kiingereza hulipata neno “hate” mapema, kisha hukwama hapo hapo. Barua ya malalamiko, mjadala wa darasani, maoni kuhusu chakula, ujumbe kwa mwajiri: kote ni “hate”, au “I don’t like” kwa mkazo. Visawe vyenyewe si haba. Kazi ni kujua kila kimoja kina uzito gani, kinafuatwa na nini, kinasemwa juu ya mtu au juu ya kitu, na ukikitamka mbele ya watu utaonekana muungwana au mkali. Hapo ndipo kamusi zinapopishana. Kwa hiyo nimezipima hizi tano kwa kundi hili moja la maneno, badala ya kuzisifu kwa wingi wa vidahizo, yaani maneno yaliyoorodheshwa ndani yake.

Hukumu yangu naitoa mapema. Ukitaka moja tu, chukua Oxford Advanced Learner’s Dictionary, ambayo inasomwa bure kwenye tovuti ya Oxford ya wanafunzi. Longman inaifuata kwa karibu, na katika jambo moja inaipita. COBUILD ni ya mtu anayechanganya nani anachukia na nini kinachukiza. Cambridge ni nzuri ya kuhakikishia neno ambalo tayari umelichagua. Roget, ambayo ni kamusi ya visawe tu, pamoja na heshima zake zote, iache hadi Kiingereza chako kikomae.

Makosa ambayo kamusi inapaswa kukuepusha nayo

Kamusi hizi zimeandikwa kwa wanafunzi wa dunia nzima, kwa hiyo hazitaji makosa yanayotokana na Kiswahili. Yafahamu mwenyewe kwanza, ndipo ujue cha kutafuta ukurasani.

Kubwa kuliko yote ni kiambishi -na-. “Ninachukia kelele” hubeba la sasa hivi na la kila siku kwa pamoja, na ndiyo maana wengi huandika “I am hating noise”. Vitenzi “hate”, “dislike”, “detest”, “loathe”, “despise” na “abhor” vinaeleza hali iliyomo moyoni, wala si tendo linaloendelea, hivyo huandikwa katika hali sahili: “I hate noise”. “Loathing” utaikuta kwenye maandishi, lakini mara nyingi hapo ni nomino, yaani chuki yenyewe.

Linalofuata ni ku-. Sisi tunasema “sipendi kusubiri” na habari imekwisha. Kiingereza kina maumbo mawili, “to wait” na “waiting”, na kila kitenzi kina umbo lake. “Dislike”, “detest”, “loathe” na “resent” vinataka -ing: “I dislike waiting”. Ukiandika “I dislike to wait”, msomaji ataelewa, ila atajua papo hapo kwamba sentensi ina kasoro. “Hate” na “can’t bear” vinakubali yote mawili. Kwa “can’t stand”, shika -ing na hutakosea. Ukiweka “would” mbele ya “hate”, umbo ni la “to” peke yake: “I would hate to miss it”.

Kisha kuna yambwa, yaani kile kinachotendwa na kitenzi. Kwa Kiswahili mtu akikuuliza kuhusu wimbo, unajibu “Sipendi”, na sentensi imekamilika. “I don’t like” bila “it” inamwacha Mwingereza akisubiri sehemu iliyobaki. Na “sipendi kabisa” haiwi “I don’t like it completely”. Ni “I don’t like it at all”.

La mwisho ni kauli za kitenzi, ambazo kwetu ni rahisi kiasi kwamba hatuzioni: chukia, chukiza, chukizwa. Kitenzi “disgust” kiko upande wa chukiza. Harufu ndiyo kiima: “The smell disgusts me”. Anayeona kinyaa ni “disgusted”, na chenye kutia kinyaa ni “disgusting”. Anayeandika “I am disgusting” akikusudia kwamba amechukizwa, amejitangaza kuwa yeye ndiye wa kutia kinyaa. “Repel”, “revolt” na “put off” navyo vina mwelekeo huo huo.

Oxford: kisanduku ambacho wengi hawakifungui

Kamusi hii ina asili inayoeleza ubora wake. A. S. Hornby, Mwingereza aliyefundisha lugha yake Japani, aliitayarisha pamoja na wenzake, ikachapishwa Tokyo mwaka 1942 kwa jina jingine, na Oxford University Press ikaitoa mwaka 1948. Hornby alishughulika mno na swali la kitenzi gani kinafuatwa na nini, na hadi leo hilo ndilo jambo ambalo kamusi hii hulionyesha waziwazi.

Fungua “hate”. Usiishie kwenye fasili, shuka hadi kwenye kisanduku chenye kichwa “Synonyms”. Kwenye tovuti huwa kimefungwa, lazima ukibofye, na nadhani hapo ndipo wasomaji wengi wanapokikosa. Ndani yake “dislike”, “can’t stand”, “can’t bear”, “despise”, “loathe” na “detest” vinawekwa pamoja na “hate”, na kila kimoja kinaelezwa kinatofautianaje na wenzake.

Mambo unayojifunza humo hayapatikani kwenye orodha tupu ya visawe. Kwanza, “dislike” ni neno la kuandika kuliko la kusema. Mezani watu husema “don’t like”, na “dislike” huja kwenye ripoti, dodoso au barua. “Can’t stand” ni la mazungumzo, la mtu au jambo linalokuudhi hadi basi. “Can’t bear” linakaribiana nalo, ila linabeba pia maumivu: mtu asemaye “I can’t bear to see him cry” hamchukii anayelia, bali kuona kilio chake kunamshinda. “Detest” ni zito na lina urasmi. “Loathe” nalo ni zito, lakini watu hulitumia hata kwa mambo madogo ya kila siku, kama vile kupiga pasi. “Despise” lina dharau ndani yake: humheshimu mtu huyo, au humheshimu kwa alilolitenda. Ndiyo maana “I despise onions” inasikika vibaya. Kitunguu hakijawahi kuwa na hadhi ya kupoteza.

Chini kabisa ya kisanduku kuna mifumo: vitenzi vipi vinachukua -ing, vipi vinachukua “to”, vipi vinakubali “it when”, kama katika “I hate it when people shout”. Hiyo “it” usiiruke. “I hate when people shout” utaisikia ikisemwa, lakini kwenye maandishi “it” iwepo. Humo humo unaonyeshwa vielezi vinavyoandamana na kila kitenzi. “Really” inakwenda na karibu vyote. “Absolutely” inakwenda na vizito: “I absolutely loathe it”. “Very” haikai mbele ya kitenzi hata kimoja kati ya hivi. “I very hate it” ni tafsiri ya “nachukia sana” iliyokosa njia. Kwa “dislike”, kielezi cha kuongeza uzito ni “strongly” au “intensely”.

Pungufu ya kisanduku ni kwamba kinashughulikia chuki ya jumla tu. “Resent” na “abhor” itakubidi uzifungue peke yake, nazo ni za lazima. “Resent” ni kinyongo cha mtu anayehisi ameonewa: “She resents being told what to do”. Si chuki ya ladha wala ya harufu. “Abhor” ni chuki inayotoka kwenye dhamiri, na vitu vyake ni ukatili, ubaguzi, vita. Ukisema “I abhor cabbage” watu watadhani unacheza ngonjera.

Jambo moja la kiufundi: “can’t stand” na “can’t bear” hazina ukurasa unaoanza na “can’t”. Ziko chini ya “stand” na “bear”, na “stand” ina maana nyingi kiasi cha kuchosha macho. Andika kirai kizima kwenye kisanduku cha kutafutia. Kwenye toleo la karatasi, pita maana za kusimama hadi uone ile iliyowekewa alama kwamba hutumika katika ukanushi na maswali. Alama hiyo ina maana yake: “I can stand noise” kwa kutaka kusema “naweza kuvumilia kelele” haizoeleki.

Longman: hapa nomino zinatendewa haki

Longman Dictionary of Contemporary English ilitoka mwaka 1978 ikiwa na uamuzi wa busara: fasili zake zimeandikwa kwa msamiati wa msingi wa maneno kama 2,000. Kwa kundi hili la maneno faida yake ni kubwa, kwa sababu kamusi zilizoandikwa kwa wazawa wa Kiingereza hupenda kufasili “abhor” kwa “detest”, na “detest” kwa “abhor”, ukabaki unazunguka. Hapa hurudishwi nyuma. Kwenye tovuti, vidoa vyekundu pembeni mwa neno vinaonyesha ni la kawaida kiasi gani. Neno lisilo na kidoa hata kimoja si baya, ila lifikirie mara mbili kabla ya kulitia kwenye ujumbe wa simu.

Inapoipita Oxford ni kwenye nomino na maneno yanayoandamana nazo. Kosa la kawaida la mwandishi mwenye Kiingereza kizuri haliko kwenye kitenzi, liko kwenye kihusishi. “Aversion” inataka “to”. “Distaste” inataka “for”, na “contempt” vilevile. “Disgust” kama nomino huenda na “at”. “Hatred” na “dislike” hukubali “of” au “for”. “Hostility” huchukua “to” au “towards”. Haya hayana kanuni ya kukariri, ila mifano ya Longman ni mingi, na kihusishi kimeandikwa kwa herufi nzito, kwa hiyo jicho linakishika bila kutafuta. Humo pia utapata mafungu yaliyo tayari, kama “take an instant dislike to someone”, yaani kumchukia mtu mara ya kwanza tu unapomwona. Hapo “dislike” ina “to” kwa sababu ya “take”. Peke yake isingekuwa nayo.

“Averse” inastahili dakika zake. Huenda na “to”, na baada ya “to” huja nomino au -ing: “averse to taking risks”. Mara nyingi huja katika ukanushi, na hapo ndipo inapopotosha. “I’m not averse to a second cup” si kauli ya mtu asiyejali. Ni ya mtu anayekitaka kikombe cha pili na anaona haya kukidai. Usiichanganye na “adverse”, yenye herufi moja zaidi, ambayo husemwa juu ya hali au athari mbaya, kamwe si juu ya hisia za mtu.

COBUILD: fasili inayoonyesha nani anamfanya nani

COBUILD ilitoka mwaka 1987 kutokana na mradi wa kampuni ya Collins na Chuo Kikuu cha Birmingham, chini ya John Sinclair. Upekee wake ni fasili za sentensi nzima, zinazoanza kwa “ukimfanyia mtu hivi” au “kitu kikikufanya hivi”. Wengine huona zinarefusha maneno. Kwa jambo hili moja mimi naziona ni dawa. Ukisoma fasili ya “loathe”, wewe ndiye kiima na kitu ndicho yambwa. Ukisoma ya “disgust”, kitu ndicho kiima na wewe ndiye yambwa. Tofauti ya chukia na chukiza iko mbele ya macho bila istilahi yoyote ya sarufi. Kama makosa yako ni ya “disgusted” na “disgusting”, au unaandika “I put off by the smell” badala ya “The smell put me off”, anza hapa. Angalia pia mahali pa “me” katika mfano huo: kiwakilishi huingia katikati ya “put” na “off”. Ukikosa kukiweka, “put off” huweza kusomwa kwa maana yake nyingine, ya kuahirisha.

Kwa kulinganisha uzito, COBUILD haifiki alipofika Oxford. Inakueleza neno moja moja vizuri, kisha inakuachia kazi ya kuyapanga.

Cambridge: ya kuhakikisha, si ya kuchagua

Cambridge kwenye intaneti ina sifa zake. Inakuambia kama neno ni la Uingereza au la Marekani, jambo linalohitajika hapa: “not keen on” ni la Uingereza, na kitu kidogo kinachokukera kuliko vyote huko ni “pet hate”, wakati Marekani ni “pet peeve”. Ina alama fupi za sarufi, na ukizizoea unajua kwa kutupa jicho kama kitenzi kinadai -ing. Maneno mengi yamewekewa pia daraja la ugumu, kuanzia A1, la mwanzo, hadi C2, la juu kabisa.

Udhaifu wake uko kwenye orodha za maneno yanayohusiana. Vitenzi, nomino, vivumishi na misemo vinamiminwa pamoja bila kupangwa kwa uzito wala kwa urasmi. Mwanafunzi anayetafuta neno la upole kwa barua ya kazi anaweza kuondoka na neno la uadui. Orodha hiyo itumie kukumbuka neno unalolijua, kisha lifungue na usome mifano.

Matamshi, kwa upande wake, yasikilize popote, kwa sababu zote nne zina vitufe vya sauti. Sikiliza hasa “loathe” na “loath”. La kwanza ni kitenzi, na mwisho wake ni dh ya dhahabu. La pili ni kivumishi chenye maana ya kusita, na linaloandikwa bila e mwishoni hutamkwa kwa th ya thelathini. “I am loath to leave” ni mtu anayesita kuondoka, hachukii kitu. Wazungumzaji wa lugha nyingi huhangaika na sauti hizi mbili, nasi tunazo tangu utotoni, kwa hiyo hatuna sababu ya kuyachanganya.

Roget: hazina yenye hatari

Peter Mark Roget, tabibu, alitoa kamusi yake ya visawe London mwaka 1852. Hakuyapanga maneno kwa alfabeti bali kwa mawazo, kila wazo likikabiliana na kinyume chake. Kwenye matoleo ya zamani, chuki kubwa imewekwa mkabala na mapenzi, ilhali kutopenda kumewekwa kwenye kundi jingine kabisa, pamoja na matamanio na kutojali. Mpangilio huo una hekima: “hate” na “dislike” si ngazi mbili za jambo lile lile, na anayezidisha “dislike” hafiki lazima kwenye “hate”.

Ila Roget haifasili wala haitoi mfano kwa kila neno. Inamtegemea msomaji ambaye tayari anayajua yote na amesahau moja. Toleo la mwaka 1911, ambalo linasambazwa bure, bado lina maneno kama “mislike” na “disrelish”, ambayo leo hayaandikwi na mtu. Ukiyachota humo na kuyapeleka kwenye insha, mwalimu atajua yalikotoka. Tovuti za visawe za siku hizi zina tatizo hilo hilo kwa kiasi kidogo. Kanuni ya kutumia ni moja: neno lolote ulilolitoa kwenye orodha ya visawe, lifungue Oxford au Longman kabla hujaliandika.

Mahali ambapo adabu inahitajika

Sehemu hii ndiyo yenye manufaa zaidi kazini, na kwenye kamusi zote imetawanyika. Itakubidi uikusanye mwenyewe chini ya “really”, “keen”, “care”, “rather” na “mind”.

“I don’t really like it” ni laini, karibu na “sikipendi sana”. “I really don’t like it” ni kali, “sikipendi hata kidogo”. Maneno ni yale yale, kilichohama ni “really” tu, na waandishi wengi wazuri huyabadilisha bila kujua kwamba wamemkaripia mtu. “I’m not very keen on it” na “I’m not fond of it” ni salama mbele ya mgeni. “I don’t care for it” nayo ni ya heshima, ila “I don’t care” bila “for” ni “sijali”, na mbele ya mkubwa ni utovu wa adabu. Ukitaja mtu baada ya “care for”, jihadhari, kwani ina maana pia ya kumtunza: “I don’t care for my uncle” inaweza kusomwa kwamba humwangalii. Kukataa kwa upole ni “I’d rather not”, na ukiongeza kitenzi kiwe kitupu bila “to”: “I’d rather not go”. Hata “hate” yenyewe inaweza kuwa ya adabu: “I hate to bother you” ni sawa na “samahani kukusumbua”.

“Would you mind opening the window?” huwachanganya wengi. Swali linauliza kama utaudhika. Ukikubali kufungua, jibu ni “Not at all” au “No, of course not”. Anayejibu “Yes” kwa ukarimu amesema kwamba ataudhika. Maelezo ya “mind” katika Oxford na Longman yanaonyesha majibu haya kwa mifano, na yanafaa kusomwa taratibu.

Ukienda kununua kamusi ya karatasi, usiipime kwa unene. Fungua “resent”. Kamusi inayokufaa itakuonyesha kwamba kinachofuata ni -ing, itakupa sentensi yenye mtu anayehisi ameonewa, na itatenganisha maana hiyo na hasira ya kawaida. Ikiwa imeandika “chukia, kasirikia” peke yake, au “dislike, hate” peke yake, irudishe rafuni. Kisha angalia mwaka wa toleo nyuma ya ukurasa wa jina. Nakala ya miaka ishirini iliyopita bado inakufaa kwa vitenzi hivi, maana mifumo yake haijabadilika, na mara nyingi huuzwa kwa bei nafuu kuliko toleo jipya.